Wakili Aliyengoja Hakimu Aulize

Umewahi kuitikia "nimeelewa" huku hujaelewa kitu? Asnath wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma, mwanafunzi wa darasa la sita, aliwahi, na nyumbani kwao hakuwa peke yake.

Jioni hiyo alikuwa uani akichambua mlenda kama kawaida. Dada Ikram, mpangaji wao, akarudi kutoka chuoni, akaketi juu ya ndoo na mkoba wake bado begani. Ikram alitoka Komoro kuja Dodoma kusomea sheria za Tanzania.

"Leo si ulikuwa wakili kwenye mahakama ya mazoezi?" Asnath aliuliza. "Umeshinda?"

"Nimechekwa. Ijumaa narudia. Nikishindwa tena, narudia mwaka mzima."

"Basi tufanye mazoezi. Mimi shahidi." Asnath akasimama wima, majani ya mlenda mkononi. "Mheshimiwa, mbuzi wa jirani alikula zabibu za shangazi kule Hombolo. Nilimwona, wala hakuona aibu."

Ikram akacheka, kisha akanyamaza. Asnath akangoja mpaka miguu ikamchoka.

"Dada, huniulizi? Umekaa kama mgeni msibani."

"Nangoja hakimu akuulize. Kwetu hakimu ndiye anayewahoji mashahidi. Kumbe huku ni kazi ya mawakili. Leo nimengoja hivihivi, ukumbi mzima ukicheka."

"Hawakuwafundisha?"

"Walifundisha, harakaharaka. Mhadhiri akauliza kama tumeelewa. Wenzangu wakaitikia, nami nikaitikia. Niliona haya, mgeni ni mimi tu."

Asnath akainamia mlenda wake. Asubuhi ile darasani mwalimu William aliwauliza vivyo hivyo kuhusu hesabu za kugawanya sehemu, naye aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Mama yake, Raheli, akatoka jikoni na mwiko. "Sasa Ikram mwanangu, huyo mhadhiri atajuaje? Kesho nenda ukamwambie."

Ikram alikwenda. Mhadhiri akamwelekeza upya, taratibu, na jioni Asnath akahojiwa habari za yule mbuzi mpaka akachanganyikiwa. Ijumaa Ikram alirudi akitabasamu. Alikuwa amefaulu.

Wakati wa chakula mama alisema, "Ukimwambia mwalimu umeelewa na kumbe hujaelewa, yeye anaendelea mbele na wewe anakuacha palepale. Umemdanganya yeye, na wewe umejinyima."

Asnath alirudisha tonge lake sahanini.

"Mama, kugawanya sehemu mimi sijaelewa. Nilikuwa naitikia tu. Nataka mwalimu anieleze tena, tangu mwanzo."