Nyayo za Baridi Juu ya Bati

Pesamino, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka arobaini na tisa na kitambi kilichotembea bandari nyingi, aliwatangazia machifu wa kijiji kimoja cha kisiwa cha Savaii, Samoa, kwamba amegundua volkano mpya. Ramani ya joto iliyopigwa na droni yake ilionyesha doa jekundu nyuma ya kanisa. Kumbe ni tanuri la mawe la mchungaji, limesheheni nguruwe.

"Profesa wa nguruwe!" Lupe, binti anayesoma naye darasa moja, alimcheka njia nzima hadi kwa Bibi Sulia, walikofikia. "Mzee, ukiona jiko jingine si utatuhamisha kisiwa?"

Ili aifute aibu, Pesamino alirusha tena droni jioni ile, ipime joto la mapaa. Ingali angani, baragumu la kombe likalia: saa ya sala, watu wote ndani, asitoke mtu mpaka lilie tena. Akaiacha ielee huko huko. Nani atamwona?

Kwenye skrini, bati la nyumba waliyomo lilisoma nyuzi thelathini na moja. Isipokuwa alama moja, nyuzi tisa, yenye umbo la unyayo.

Kisha wa pili, hatua moja mbele.

"Lupe," alinong'ona, "nani yuko juu?"

"Acha mizaha, mzee."

Bati halikulia, hapakuwa na kishindo, ila harufu ya maua ya langilangi ilishuka, tamu, nzito, ikajaa mkekani, ikajaa kooni, na kwenye skrini nyayo zikafika ukingoni, zikashuka majanini, zikaja mpaka mlangoni, na Lupe, aliyeketi hapo mlangoni, akakatika kauli katikati ya neno, vidole vikawa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu, na Pesamino akamshika akitamani kukimbia naye, lakini baragumu lilikuwa bado, bado tu, kana kwamba mpulizaji naye amekatwa pumzi.

Bibi Sulia hakuinua macho. "Hicho kidude chako kiko wapi?"

"Juu ya nyumba, Bibi."

"Juu ya kichwa cha Bi Mkubwa, mzimu wetu! Mtoto anasimama juu ya mkubwa aliyeketi? Shusha! Halafu uiname."

Pesamino akaibwaga droni vichakani, pamoja na vipimo vya miezi minane, akabandika paji la uso mkekani. "Radhi, Bi Mkubwa. Mimi mjinga, kijiji kizima kinajua. Binti hana kosa."

Lupe alikohoa. Akavuta pumzi, akaanza kulia.

Pesamino akainua jicho moja. "Bibi, ameondoka?"

"Aende wapi? Nyumba ni yake. Rudisha kichwa chini."