Tangazo la Baiskeli Lililotiwa Rangi

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ya Bibi Mektilda pale Kasoli ilijaa watu. Wanawake walikuja kupepeta choroko, lakini midomo ndiyo iliyofanya kazi zaidi. "Mwangaluka, mayu," walisalimia kwa Kisukuma mlangoni, na kabla ya kukaa walikuwa wamekwisha kuuliza nani ameposwa na ng'ombe wa nani kapotea. Nyanjige, mjukuu wa miaka kumi na miwili, aliwagawia uji huku akinasa kila habari.

Habari ya siku hizo ilikuwa sanduku la marehemu babu. Babu alikuwa karani wa pamba, na alihifadhi majarida ya zamani yenye matangazo ya sabuni, redio na baiskeli. Mjomba Luhaga naye alifanya kazi katika chama cha ushirika, mpaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na kazi ikaisha. Ndipo akafungua chumba cha intaneti Bariadi mjini, akagundua kwamba katika nchi za mbali wapo watu wanaokusanya matangazo kama yale. Aliyapiga picha, akayaweka mtandaoni.

"Karatasi kuukuu?" jirani yao Felisita alicheka. "Basi na mimi niwauzie mume wangu. Naye ni wa zamani."

"Huyo watadai tuwalipe wao," Bibi alimjibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Mjomba alimpa Nyanjige tangazo moja la baiskeli. "Mteja amelichagua kwenye picha. Lifunge vizuri, nitakuja kulichukua jioni. Akiridhika na hili, atachukua na mengine yote. Asiporidhika, jina langu limeharibika huko."

Nyanjige alilitazama akaona aibu. Mchwa walikuwa wametoboa kona, na shati la mwendesha baiskeli lilikuwa limepauka. Kwao mgeni hawekewi chakula kwenye bakuli lenye ufa. Hata kuta hukandikwa upya kabla hajafika. Basi akaziba tundu kwa kipande cha karatasi na uji mzito wa muhogo, kisha akalipaka shati kwa penseli nyekundu ya shule. Likapendeza, akalifunga kwenye bahasha.

Jioni Mjomba alichukua bahasha bila kuifungua. "Asante, mama," alimwambia mpwa wake, akapanda pikipiki kwenda posta. Felisita alikuwa bado yupo, maana habari hazijaisha.

"Na hao Wazungu hawajali matundu ya mchwa?" aliuliza.

"Ndiyo wanayoyataka. Nimemwandikia kwamba halijaguswa na mtu, liko kama lilivyotoka sandukuni."

Nyanjige aliitazama ile bahasha. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua leo. Pikipiki ikanguruma.

"Mjomba, ngoja. Nimeligusa."

Luhaga alizima pikipiki, akafungua bahasha. Alilitazama lile shati jekundu.

"Nyanjige, umeniua," alisema taratibu. "Lakini mbona umesema? Mimi nilikuwa naondoka."

"Ungempelekea uongo bila kujua," Nyanjige alijibu huku machozi yakimtoka. "Na uongo wenyewe ni wangu."

Mjomba alilipiga picha upya, akamwandikia mteja ukweli wote. Jibu lilichelewa, na Nyanjige akakosa hamu ya kula. Mwishowe Mjomba alikuja, akasimama katikati ya wapepetaji.

"Baiskeli ameikataa," alisema. Nyanjige akainamisha kichwa. "Lakini anasema muuzaji anayemwonyesha kasoro kabla hajaiona mwenyewe ndiye anayemtafuta. Matangazo yaliyobaki anayachukua yote."

Wanawake walipiga vigelegele. Bibi Mektilda alimvuta mjukuu wake, akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kumpambia mgeni ni heshima, mjukuu wangu, nami ndiye niliyekufundisha. Lakini ukiuza kitu, kiuze pamoja na kasoro yake. Na ukikosea, sema mapema. Kosa likiwa bado hapa uani, hata mtoto analikamata. Likishafika posta, mjomba wako na pikipiki yake hawaliwezi."