Karata ya Kwanza ya Verediana

Kila Jumamosi asubuhi Verediana alimsaidia mama yake kuanika dagaa ufukweni Ujiji. Kisha alioga, akavaa sare na kwenda shuleni kwenye klabu ya briji. Na kila Jumamosi alirudi nyumbani amenuna. Sababu ilikuwa moja tu: Castory.

Briji ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Kila mmoja hupewa karata kumi na tatu. Kwanza wachezaji hutoa ahadi kwa zamu: tutachukua mikono mingapi, yaani mizunguko mingapi ya karata nne, na turufu iwe kopa, uru, shupaza au maua. Ahadi ya juu ndiyo inayochezwa. Halafu mpinzani mmoja wa aliyeahidi hutupa karata ya kwanza bila kuona karata za mtu mwingine. Mwenzako unamweleza ulichonacho kwa ahadi na kwa karata unazotupa. Kuguna, kukonyeza au kusonya ni marufuku.

Castory, mwenzake Verediana, alikuwa hodari wa kuhesabu karata, lakini uso na mdomo vilimshinda. Akipata karata mbaya, anapumua kwa nguvu. Akipata nzuri, anarukaruka kitini.

"Castory, mara ngapi nikuambie?" Mwalimu Agnesi alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Mara ngapi, mwanangu?"

"Samahani, Mwalimu. Inatoka yenyewe."

"Basi na wewe izuie mwenyewe!"

Siku ya fainali walikutana na Erasto na Diana kutoka Simbo. Jozi itakayoshinda ingepanda treni kwenda Tabora kwenye mashindano ya kanda. Verediana hakuwahi kupanda treni. Walifika mgawo wa mwisho wakiwa sawa kwa pointi.

Erasto alianza: "Moja ya uru." Castory akapita. Diana akasema, "Moja ya kopa." Verediana naye akapita. Karata zake zilikuwa hovyo, ila shupaza alikuwa nazo tano. "Wapinzani hawajaitaja shupaza," aliwaza. "Nikipewa kuanza, nitaanza nayo."

"Mbili za maua," akasema Erasto.

"Aaa!" Castory akasonya, akazigonga karata zake mezani.

Verediana alifumba macho kwa hasira. Huyu mtu! Sasa alijua, hata kama hakutaka kujua, kwamba Castory ana maua makubwa.

Diana akamaliza: "Nne za kopa." Maana yake, sita za msingi na nne juu yake, wangechukua mikono kumi kati ya kumi na tatu. Karata ya kwanza ilikuwa ya Verediana.

Alishika shupaza. Akairudisha. Kichwa chake kilisema shupaza, lakini masikio yake yalikuwa yamesikia maua. Aliiona treni ikitoka stesheni ya Kigoma bila yeye. Akatupa maua.

Castory akachukua mikono mitatu ya maua, kisha ree yake ya kopa, karata kubwa kuliko zote za kopa, ikaongeza wa nne. Ahadi ya Simbo ikavunjika. Watoto wa Ujiji wakashangilia.

Erasto hakununa. Alisogea karibu na Verediana. "Dada, nieleze. Maua niliyataja mimi, wewe ukaanza na hayohayo. Ulijuaje? Nataka kujifunza."

Verediana alizitazama karata mezani. Angemfundisha nini? Alinyanyuka akaenda kwa Mwalimu Agnesi.

"Mwalimu, sikujua. Nilimsikia Castory akisonya. Ningeanza na shupaza."

Mwalimu Agnesi alishika paji la uso. "Mungu wangu! Mmoja anasonya, mwingine anasikiliza!" Kisha akashusha mkono. "Twende kwa mwamuzi, ukaseme mwenyewe."

Mwamuzi, Mzee Gervasi, aliwauliza wachezaji wote, akazitandaza upya karata za wote wanne. Ikaonekana wazi: kama Verediana angeanza na shupaza, Diana angeyatupa maua yake juu ya uru za Erasto na kutimiza ahadi. Ushindi ukaenda Simbo.

"Umetuuza!" Castory alifoka. "Nilisonya tu!"

"Na mimi nilitupa tu," Verediana alijibu. "Nimechoka, Castory. Nimechoka kuzijua karata zako kabla hujacheza."

 Castory alimfuata Erasto. "Kosa lilianza kwangu," alisema. "Nisamehe." Erasto akampa mkono.

Mwalimu Agnesi aliwaketisha wote wawili kwenye benchi. Bado alikuwa amekunja uso, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Sikilizeni. Karata ya kwanza ni ngumu kwa sababu unaamua gizani. Ukifikiri ukakosea, umejifunza kitu, na kesho utafikiri vizuri zaidi. Lakini ukilichukua jibu mahali pasiporuhusiwa, hata ukishinda, huna utakachomweleza mtu akikuuliza ulijuaje. Leo Verediana ameukosa ushindi, lakini amelisema kosa lake kabla hajakamatwa. Mwakani nitamwamini kwenye meza yoyote."