Fundi Pindo na Baiskeli Iliyozidi

Fundi cherehani huyu alishona sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo. Sababu ilionekana kwenye miguu ya watoto. Kila suruali yake ilikuwa na pindo nene kwa ndani, upana wa vidole vinne. Mtoto akirefuka, mama yake anafumua pindo, na suruali inarefuka naye.

"Nguo lazima iwe na akiba," alipenda kusema. "Afadhali izidi kuliko ipungue."

Wazazi walimpenda kwa hilo.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na tisa walikunywa chai ya Jumamosi asubuhi pamoja, kwenye meza ileile ya cherehani, vikombe viwili kando ya kopo la vifungo. Mwalimu alieleza nani amelia darasani. Fundi alieleza nani ameongezeka kiuno na hataki kukubali. Kwa Fundi, hakikuwepo kikombe kitamu kama hicho wiki nzima.

Halafu Mwalimu akanunua baiskeli ya mtumba, ya kijivu, isiyo na pambo lolote. Akajiunga na wanawake wenzake waliokuwa wakiendesha kila Jumamosi kwenye barabara ya lami, hadi juu ya kilima chenye tangi la maji. Huko walipumzika, wakafungua chupa ya chai, wakanywa, kisha wakateremka. Mwalimu alirudi nyumbani saa nne, mashavu yanang'aa, anacheka peke yake.

"Njoo nasi," alimwambia mumewe. "Waume wanaruhusiwa, wakijua kusikiliza."

Jumamosi tatu Fundi Pindo alikunywa chai na cherehani. Cherehani haijui kusimulia. Alimkumbuka mkewe kana kwamba amesafiri. Ya nne ilipokaribia, akapiga moyo konde. Atanunua baiskeli yake, na chai atainywa hukohuko tangini, kando ya mkewe.

Hapo ndipo alipokosea, lakini tusimcheke kabla ya wakati. Hakumwuliza mtu. Siku ya Jumatano alikwenda dukani peke yake, akakuta baiskeli mbili nyekundu za aina moja. Moja ndogo, moja kubwa.

"Bei yake?"

"Bei moja zote," muuzaji akajibu.

"Basi nipe kubwa."

Muuzaji alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Haikuwa safari ndefu. "Mzee wangu, unategemea kurefuka?"

"Afadhali izidi kuliko ipungue," Fundi akasema.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mara ya mwisho kurefuka ilikuwa kabla hajaoa.

Wala hakuishia hapo. Alinunua vioo viwili vya pembeni, kengele mbili, honi ya mpira, kikapu cha mbele, karia ya nyuma, kipimo cha mwendo na mashada ya nyuzi za rangi ya kuning'iniza kwenye usukani. Muuzaji alipomwonyesha kofia ngumu, Fundi aligusa kofia yake ya kitambaa, aliyoishona mwenyewe.

"Kichwa changu kimeshavaa," alisema.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alisimama mlangoni, akaizunguka baiskeli mara mbili.

"Hii ni baiskeli au ni duka?"

"Twende," Fundi akasema, akapanda kutoka kwenye ngazi ya mlango, maana kutoka chini haikuwezekana.

Kupanda kulihitaji ngazi, na kushuka kulihitaji ukuta. Barabara ile haikuwa na kuta nyingi. Pedali ilipofika chini, Fundi aliifikia kwa ncha ya kiatu, kiuno kikiyumba kushoto na kulia. Usukani ulikuwa mbali, akauendea kwa mikono iliyonyooka kama anayesukuma gari bovu. Kikapu kiligonga, honi ilijilia yenyewe kwenye kila shimo. Alipotazama kioo cha kushoto aliona jasho. Alipotazama cha kulia aliona jasho jingine.

Wanawake walikwisha kupotea kwenye kona. Muuza maziwa mwenye madebe mawili alimpita, akamwamkia, akasubiri kidogo, akaona hapati jibu, akaenda zake.

Fundi alifika tangini akiikokota baiskeli. Vikombe vilikuwa vimefutwa na kuwekwa mfukoni. Mwalimu alikuwa amemwekea nusu kikombe. Kilikuwa baridi, na mdudu mmoja alikuwa ameshakianza.

Walipoteremka mambo yakawa mabaya zaidi. Mbele ya nyumba inayojengwa palikuwa na lundo la mchanga. Fundi alitaka kusimama, akafunga breki, akashusha mguu. Mguu haukukuta ardhi. Baiskeli iliegemea upande, ikamwaga kila kitu, kengele, kikapu na fundi. Kofia ya kitambaa iliruka. Alipofumbua macho, kichwa chake kilikuwa juu ya mchanga, na shubiri moja tu pembeni palikuwa na tofali.

Mwalimu alilitazama lile tofali, akaokota kofia ya kitambaa, akaikung'uta mchanga.

Jioni aliweka vikombe viwili juu ya meza ya cherehani. "Niliogopa sana leo," alisema. "Basi tuache. Na mimi sitakwenda tena. Tutakunywa chai hapahapa kama zamani."

Fundi alikuwa amepata alichokitaka, na hakikumfurahisha hata chembe. Aliona mashavu ya mkewe hayang'ai. Magoti yalimuuma kwa kuchubuka, lakini neno lile lilimuuma zaidi. Kwamba Mwalimu aache jambo analolipenda kwa sababu mumewe hajui kuchagua baiskeli.

"Nipe wiki moja," alisema.

Jumatatu alimpelekea baiskeli Mama Spoki, fundi baiskeli, ambaye naye alikuwa mmoja wa wanawake wa tangini. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chembamba. Magurudumu yalining'inia kwenye misumari, na sakafu ilinuka mafuta. Mama Spoki alivaa aproni ya kitambaa kigumu, mifuko sita, kila spana mahali pake.

"Karibu, shemeji. Nasikia umelima mchanga."

"Nicheke halafu unisaidie," Fundi akasema.

"Aproni hii ulinishonea wewe. Kabla hujakata kitambaa ulifanya nini?"

"Nilikupima."

"Na kabla hujanunua baiskeli, ulipima nini?"

Fundi alifikiri. "Bei."

Mama Spoki alivuta futi iliyokuwa ikining'inia shingoni kwa Fundi. Miaka thelathini futi ile ilikuwa imepima viuno vya watu, na haikuwahi kumpima mwenyewe. Mganga hajigangi.

"Simama hapa, bomba la juu liwe katikati ya miguu yako. Nyayo zote mbili chini."

"Hazifiki."

"Ndilo kosa la kwanza. Ukisimama hivi, nyayo ziguse ardhi, na kati yako na bomba pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Hapo ukishusha mguu utaikuta ardhi."

"Huwezi kuipunguza?"

"Kiti nitakishusha, lakini fremu haishuki. Watoto wanakua, ndiyo maana pindo lako ni busara. Wewe umeshamaliza, shemeji. Na chuma hakifumuliwi."

Fundi Pindo aliinamisha kichwa. Hilo lilikuwa neno la kifundi, na alilielewa hadi mfupani.

"Na hivi vikorokoro?"

"Nitavitoa vyote. Kila kimoja kijitetee."

Ikawa kesi. Kengele ya kwanza ilijitetea vizuri, kwa sababu waenda kwa miguu wanahitaji kuisikia. Kengele ya pili haikuwa na la kusema. Kioo cha upande wa magari kilibaki, mwenzake akaondoka. Kikapu na karia vilikuwa vizuri kwa kwenda sokoni, lakini kwa kupanda kilima vilikuwa mizigo. Mashada ya nyuzi yalitolewa kimyakimya.

"Kipimo cha mwendo kinakuambia nini?" Mama Spoki akauliza.

"Kwamba ninakwenda polepole."

"Hilo unalijua bure."

Wakati huo mlango ukazibwa na mtu mrefu. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, anaitwa Mlingoti. Watu walisema anapaka dari bila kupanda kitu. Alikuja kuulizia baiskeli yake, iliyokuwa imeegemezwa nyuma ya chumba. Ilikuwa nyekundu, ndogo.

"Dada, umeweza kuirefusha? Magoti yananigonga kidevu."

"Kwa nini ulinunua ndogo, kaka?" Mama Spoki akauliza.

"Nilifika dukani Alhamisi. Walisema kubwa ilichukuliwa jana yake na mzee mmoja mfupi, sijui alikuwa anawaza nini."

Fundi Pindo alijitia kutazama magurudumu ukutani. Mama Spoki alikaa juu ya ndoo akacheka hadi akafuta machozi kwa aproni. Kisha akainuka, akazibadilisha zile baiskeli mikononi mwao. Mlingoti alipanda ile kubwa, akazunguka nje mara moja, akarudi na uso wa mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Mzee, kumbe ulinitunzia," alimwambia Fundi. Wakapeana mikono, na hakuna aliyemdai mwenzake.

Sasa Mama Spoki alimketisha Fundi kwenye ile ndogo, akamwambia ashike ukuta.

"Weka kisigino kwenye pedali, uishushe hadi chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Hapo kiti kimekaa. Ukianza kuendesha, utakanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litakunjika kidogo. Viwiko navyo vikunjike kidogo. Ukinyoosha mikono kama mlinda goli, kila shimo litakupiga mabegani."

Akaminya tairi kwa kidole gumba. Lilibonyea kama andazi.

"Na matairi ya ile kubwa, uliyagusa tangu dukani?"

"Nilijua mapya yanakuja na upepo wake."

"Upepo unapungua hata ukilala. Soma hapa ubavuni, kiasi kimeandikwa, usikizidi. Tairi laini linakula nguvu zako zote. Ukitaka kununua kitu cha kukuongezea mwendo, anza na pampu, halafu matairi mazuri. Mnyororo ufute kwa kitambaa, utie mafuta kidogo, ufute yaliyozidi. Wewe una vitambaa kuliko sisi sote."

"Na kilima?"

"Badilisha gia kabla hakijakuuma. Ukisubiri hadi miguu ikwame, umechelewa. Miguu izunguke upesi na kwa wepesi, usishindane na pedali."

Mwisho akatoa kofia ngumu. Fundi akashika kofia yake ya kitambaa.

"Nzuri," Mama Spoki alisema. "Ivae msibani. Barabarani utavaa hii. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, na chini ya kidevu ukanda upitishe kidole kimoja. Mke wako aliliona lile tofali, shemeji. Hajalala vizuri tangu siku ile."

Fundi aliivaa bila kubisha. Alichukua pia taa mbili, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, ili magari yamwone mapema.

Wiki nzima alifanya mazoezi jioni, kabla giza halijaingia, akizunguka shule. Watoto waliovaa mapindo yake walimshangilia. Jumanne alishuka bila ukuta. Alhamisi alibadilisha gia bila kutazama mikono. Ijumaa aliminya matairi kwa kidole gumba, yakagoma kubonyea, akaridhika.

Jumamosi alimkuta Mwalimu amekaa mezani, amevaa nguo za nyumbani, vikombe viwili mbele yake.

"Vaa tuondoke," Fundi alisema.

Mwalimu alitazama kofia ngumu. Akaweka vidole viwili juu ya nyusi za mumewe, akapima. Akapitisha kidole kimoja chini ya kidevu chake. Akaenda kubadilisha nguo.

Barabarani hakuna honi iliyolia. Fundi hakuwa wa kwanza, tusidanganyane. Alikuwa wa mwisho, lakini safari hii aliwaona wenzake mbele yake. Muuza maziwa alipompita alimwamkia, na Fundi akaitikia, akamwuliza na hali ya nyumbani. Kilima kilipoanza alibadilisha gia mapema. Miguu ilizunguka upesi na kwa wepesi. Moyo ulidunda, jasho lilitoka, lakini hakushuka.

Walipofika tangini, Mama Spoki ndiyo kwanza alikuwa anafungua chupa ya chai. Mvuke ulipanda. Fundi alisimamisha baiskeli, akashusha mguu, na ardhi ilikuwa palepale alipoitegemea.

Mwalimu alimmiminia kikombe kilichojaa, akakaa kando yake kwenye ukingo wa saruji.

"Haya," alisema, mashavu yanang'aa. "Nani ameongezeka kiuno wiki hii?"

Fundi alikuwa na haraka ya kusimulia. Alipiga funda kubwa bila kupuliza, na chai ikamuunguza ulimi vibaya sana. Alifurahi mno.