Alama ya Vema Chini ya Gari la Bi Mishi

Ilikuwa mwaka 2023, majira ya kipupwe, mtama ulipokwisha kuvunwa na upepo wa Dodoma ulipokuwa ukipuliza vumbi hadi ndani ya vyungu vya maji. Huko Nzuguni, Anyesi, binti wa Fundi Mazengo, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kila siku aliamka kabla ya jua, akafagia karakana ya baba yake, akapanga spana kwa ukubwa wake, ndipo akaoga na kwenda shule. Jioni alirudi palepale karakanani, kwa kuwa baba yake alimhitaji.

Alimhitaji kwa sababu ya macho. Miaka ishirini ya kuchomelea vyuma ilikuwa imeyaunguza macho ya Fundi Mazengo, asiweze tena kuona kitu kidogo. Kwa hiyo kila walipokwenda kukagua gari, baba aligonga vyuma kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, na Anyesi, aliyekuwa mwembamba, alitambaa chini ya gari akiwa na tochi na kipande cha chaki. Chuma kizima alikitia alama ya vema. Chuma kibovu alikitia alama ya kosa. Baba hakununua gari lenye alama ya kosa, wala hakuuliza mara mbili.

Mwaka huo walikuwa wakitafuta gari la kuchinja. Katikati ya karakana palikuwa na fremu ya mabomba ya chuma na maganda ya bodi, vitu ambavyo Mazengo alivinunua kwa mhandisi aliyestaafu, vikiwa vimefungashwa katika masanduku pamoja na kitabu cha michoro. Gari la namna hiyo mwenyewe huliunganisha kwa mikono yake. Masanduku, hata hivyo, hayaji na injini. Injini, giaboksi, ekseli na usukani hutolewa katika gari kukuu, na hilo ndilo mafundi huliita gari la kuchinja. Mazengo alitaka gari lake litembee katika maonesho ya Nanenane, mbele ya watu, ili karakana yake ipate wateja. Kwa miezi minne ilikuwa haina kazi.

Gari la kwanza walilitazama Chang'ombe, nyuma ya duka la nafaka. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, liking'aa kama sahani. Anyesi alitoka chini yake na vumbi kichwani.

"Sakafu imeoza, Baba. Wamebandika bati, wakapaka rangi juu yake."

Gari la pili lilikuwa zuri, ila namba ya chasisi ilikuwa imesagwa kwa tupa, dalili ya gari la wizi, nalo walilikataa. Luka, kaka yake Anyesi, kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyekuwa akimsaidia baba kazi, alicheka kwa uchungu.

"Shikamoo, Mama Makosa! Wewe ukipewa ndege uikague, utasema bawa limepinda."

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa maana Anyesi alikuwa amejisifia gari hilo.

"Anyesi," aliuliza Ikram, msichana aliyeketi nyuma yake, "lile gari la baba yako mnalilisha nini? Mbona halikui?"

Darasa liliangua kicheko.

"Nanenane mtaliona. Nitakuwa nimeketi mbele."

"Mbele ya nini? Ya mabomba?"

Mwanzoni mwa Julai, dereva mmoja wa lori alimpasha Mazengo habari za gari lililokuwa limeegeshwa Kolo, wilayani Kondoa, tangu mwenyewe alipofariki. Jumamosi iliyofuata wote watatu walisafiri. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mishi, mjane wa marehemu Yahaya.

"Shikamoo, Bibi," alisema Anyesi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni mkae kwanza. Gari halikimbii."

Hakukubali liguswe kabla watoto wote wa marehemu hawajaketi barazani. Dua ilisomwa. Kisha Bi Mishi akasimama na kuyataja makosa ya gari mbele yao wote, kwa kuwa ndivyo ukoo ule ulivyotoa mali ya marehemu.

"Taa ya kushoto haiwaki. Mlango wa nyuma haufungiki. Injini inakula oili. Ya chini siyajui. Hayo mtayatazama wenyewe. Sitaki marehemu adaiwe kaburini kwa sababu ya gari."

Wala hakutaka fedha. "Fedha zitaliwa, Fundi. Nitengenezee mkokoteni wa kuvutwa na punda, ubebe mapipa ya maji. Huyu mjukuu wangu Nasra ana miaka kumi na mmoja. Anakwenda kisimani mara nne kwa siku, ndoo kichwani, na shingo yake imeanza kupinda."

Mazengo aliahidi kuuleta mwishoni mwa Agosti. Kisha alichukua nyundo, na Anyesi akaingia chini ya gari.

Vyuma vilijibu vizuri, kimoja baada ya kingine. Alama ya vema. Alama ya vema. Alipofika kwenye mkono wa chuma unaovutwa na usukani ili kuligeuza gurudumu la mbele, alifuta grisi kwa kidole. Palikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Aliupitisha ukucha juu yake, na ukucha ukanasa.

Ulikuwa ufa.

"Vipi huko?" aliuliza baba.

"Mama Makosa," Luka aliita, "tafadhali, leo tuhurumie!"

Anyesi alilala pale chali. Aliziona siku zilizobaki kabla ya Nanenane. Aliuona uso wa Ikram. Akajiambia kwamba ufa ulikuwa mdogo, na kwamba chuma kile kilikuwa kinene. Akaandika alama ya vema juu yake.

"Ni kizima, Baba."

Kwa majuma matatu alikusudia kusema. Alikusudia asubuhi alipofagia, akakusudia jioni alipoleta chai. Lakini Luka alikwisha kuvisafisha vile vyuma na kuvipaka rangi nyeusi, na mstari ukawa hauonekani tena. Anyesi akaanza kujishawishi kwamba haukuwahi kuwapo.

Tarehe mbili Agosti, alasiri, vyuma vya Kolo vikiwa vimekwisha kufungwa kwenye fremu, Luka alilitoa gari barabarani kwa mara ya kwanza. Watoto walikimbia nyuma yake wakishangilia. Alikwenda hadi mwisho wa barabara, akageuza, akarudi kwa mwendo wa kasi huku akipunga mkono. Kwenye kona ya kalvati ule mkono wa chuma wa usukani ulikatika. Usukani ulizunguka, gurudumu halikugeuka, na gari likauparamia ukuta. Fremu ilijikunja juu ya mguu wa kulia wa Luka. Siku ya tatu hospitalini madaktari waliukata mguu huo chini ya goti.

Jioni ya siku hiyo Fundi Mazengo aliketi karakanani na kile chuma kilichokatika mikononi.

"Nitazamie, mwanangu. Mahali kilipovunjika pana rangi gani?"

"Nusu ni nyeusi, Baba. Nusu inang'aa."

"Basi ile nusu nyeusi ni ufa wa zamani. Ulitoka Kolo." Aliupapasa mkato kwa kidole gumba. "Wewe ulikagua, na macho yako nayaamini. Kwa hiyo waliuziba kwa makusudi. Waliuficha kwa grisi, kisha wakatusomea dua!"

Anyesi alichukua ufagio, akafagia palipokwisha kufagiwa.

Usiku uleule Mazengo alimpigia simu Bi Mishi na kumwambia kwamba mkokoteni hautakwenda kokote. Kabla ya juma kwisha, Nzuguni nzima ilikuwa ikisema kwamba mjane wa Kolo aliuza kifo.

Luka aliporudi nyumbani, Bi Mishi alikuja kwa basi, akifuatana na Nasra aliyebeba chupa ya asali. Bibi alimwinamia Luka mkekani, akampa pole, akamwombea. Kisha alimgeukia Mazengo.

"Fundi, nimekuja kuyasikia yale maneno ana kwa ana."

"Umekwisha kuyasikia. Mlijua kwamba ufa upo."

"Mimi sikujua."

"Basi marehemu alijua."

Bi Mishi aliuvuta mtandio wake vizuri. "Mimi niite mwongo, nipo, nitakujibu. Yeye hawezi kukujibu, Fundi. Nasra, twende."

Nasra aligeuka. Hakuweza kugeuza kichwa peke yake. Aligeuza mabega na kiwiliwili chote, kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni. Anyesi aliiona shingo ile, na ulimi wake ukafunguka.

"Baba, ufa niliuona."

Mazengo alimgeukia.

"Niliuona. Ukucha wangu ulinasa. Nikaandika vema."

"Uliuona?" alisema Luka taratibu. "Uliuona, ukaniacha niendeshe?" Hakungoja jibu. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka hadi kichwani.

Fundi Mazengo alisimama mbele ya binti yake. Hakuinua mkono wala sauti.

"Alama zako za kosa zilitunyima magari mawili," alisema, "nami nilishukuru kwa kila moja. Sikukuambia, hilo ni kosa langu, na ulipotaniwa nilinyamaza. Lakini elewa neno hili maisha yako yote. Mtu akikukabidhi kazi ya kumwonea, neno lako ndilo macho yake. Ukimdanganya umempofusha, naye atakwenda kwa kujiamini mpaka shimoni. Na uongo wako haukuishia kwa Luka. Umemfanya baba yako amtukane marehemu asiye na hatia."

Kisha alimwendea Bi Mishi, akapiga goti mavumbini mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia uani.

"Nisamehe, mama yangu. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Inuka, Fundi," alisema Bi Mishi. "Nimekusamehe. Ila yale uliyoyasema yamesambaa. Uwaendee wote walioyasikia, umsafishe marehemu wangu."

Mazengo alikwenda nyumba kwa nyumba, na Anyesi alitembea mbele yake. Kila mlangoni msichana ndiye aliyesema kwanza. Ikram alipofungua mlango wa kwao na kusikia, hakucheka.

Nanenane ilikwisha kupita. Mazengo aliyauza maganda ya bodi kwa bei ya kutupa, akanunua chuma cha mkokoteni, na kila Jumamosi Anyesi alipiga msasa, akashika bomba likichomelewa, akapaka rangi hadi viganja vikachubuka. Asubuhi ya kuondoka aliinama kwenye mkeka wa Luka.

"Kaka, tunaupeleka mkokoteni."

"Pelekeni," alisema Luka bila kumtazama. "Jambo la kwangu na wewe, bado."

Walifika Kolo mwishoni mwa Septemba, mwezi mmoja baada ya siku iliyoahidiwa. Watu wa nyumbani walitoka kuupokea mkokoteni, wakautikisa, wakapanga mapipa mawili ndani yake. Nasra alimleta punda.

"Umechelewa, Fundi, lakini umefika," alisema Bi Mishi. Kisha akamtazama Anyesi. "Nawe, mjukuu wangu, deni la chuma hulipwa kwa chuma. La kaka yako utalilipa kwa kusema kweli kila siku, hata siku ambazo hakuna anayetaka kuisikia. Huenda lisiishe. Ulilipe tu."

"Ndiyo, Bibi."

Anyesi alimfunga punda hatamu, akavuta kila fundo kuhakikisha limekaza, akamkabidhi Nasra kamba.