Jina Langu Lilibaki Iringa

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na minne. Ninaishi na wazazi wangu katika kijiji cha milimani nje ya mji wa Mbeya, na kazi yangu ni kulima viazi. Nilimaliza kidato cha nne, nikafaulu vizuri... lakini leo sina hata kipande cha karatasi cha kuthibitisha hayo. Majina nitakayoyataja si ya kweli. Mengine yote yalinipata mimi mwenyewe.

Nitajiita Tusekile. Binti wa baba yangu mdogo naye ni Tusekile. Sote wawili tulirithi jina la bibi yetu, na kwa kuwa shuleni tuliandikwa kwa jina la ukoo, si la baba, hata kwenye karatasi hatukutofautiana herufi. Nyumbani mimi waliniita Tuse, yeye wakamwita Seki. Sisi wenyewe tuliitana wajina. Tulilala kitanda kimoja, tukavaa gauni moja la kanisani kwa zamu.

Seki alinizidi akili, nakiri. Lakini baba yake alipofariki tukiwa kidato cha pili, baba yangu alibaki na uwezo wa kusomesha mmoja tu. Akanichagua mimi! Seki akaozwa kwa mkulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni. Siku ya kuondoka hakulia. Alifunua daftari langu la hesabu, akasahihisha swali moja nililokosea, akalifunga. Akapanda basi.

Nilipomaliza shule tulihamia kijiji kipya, tukaishi masika nzima katika kibanda cha nyasi. Panya walitafuna kadi ya ubatizo ya mama. Cheti changu nilikivaa kifuani chini ya kanga, nikikiogopea kila tone la mvua. Nilikuwa nimeomba nafasi katika chuo cha uuguzi huko Iringa, na bila cheti kile ningekuwa nani?

Ndipo tukasikia habari za Bwana Ezekia.

Alikuwa kijana nadhifu, mwenye mashine ya kupiga chapa na makabati mawili ya chuma. Moja lilikuwa Mbeya karibu na soko, jingine Iringa karibu na stendi ya mabasi, chini ya msaidizi wake. “Leteni karatasi zenu!” alitutangazia. “Panya hawazifikii, moto hauzifikii! Ukiiweka Mbeya, unaisoma Iringa. Na umpendaye ataisoma pamoja nawe!” Kila wiki bahasha za watu zilisafiri kwa basi kutoka kabati hadi kabati. Kijijini hatukuwa na sanduku la posta, kwa hiyo hata barua zetu zilifikia masanduku yake ya miji hiyo miwili, zikatiwa katika bahasha ya mwenyewe.

Jirani yetu Mama Lugano alicheka hadi akashika kiuno. “Mwanangu, mtu mwenye maneno laini hivyo mimi hata sufuria simwazimi!”

Nilimwona mshamba. Nikaenda.

Bwana Ezekia alikipokea cheti kwa mikono miwili, akanipigia nakala ya kaboni nibaki nayo. Kisha akachukua kadi ya ruhusa. “Dada, nani mwingine aruhusiwe kuifungua bahasha yako?”

Nilimkumbuka Seki. Yeye alikuwa karibu na Iringa. Chuo kikihitaji cheti, angenipelekea. “Wajina wangu,” nikajibu.

“Anaitwa nani?”

“Tusekile vilevile.”

Akacheka. “Sasa mimi nitawatofautishaje?”

“Usitutofautishe. Mimi na yeye ni mtu mmoja.”

Ulikuwa msemo tu! Nani asiyesema hivyo juu ya wajina wake? Lakini yeye aliandika kama alivyosikia: Ni mtu mmoja. Akagonga mhuri. Mlio wa mhuri ule ulinishtua, sijui kwa nini. Nilitoka nje nikaona mawingu yameshuka hadi kwenye mabati ya soko, nikajifunga kanga vizuri, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi... mwepesi kama mtu aliyeibiwa asijue.

Nilimwandikia Seki kumweleza yote. Alijibu mara moja tu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, alisema, na sasa alikuwa anafanya vibarua Iringa mjini. Aliniuliza namba ya kadi. Nikampa.

Baada ya hapo, kimya!

Kila siku ya soko nilimwuliza Bwana Ezekia kama barua ya chuo imefika, naye alichungulia kabati la Mbeya tu. “Bado, dada.” Viazi vikachanua, vikavunwa. “Bado, dada.” Wasichana niliosoma nao wakaanza kupita wakiwa na masanduku, wakienda vyuoni. Mbona mimi tu? Usingizi ukanikimbia. Nikaanza kuogopa sauti ya jina langu kila lilipoitwa.

Siku moja nikamwambia nataka cheti changu, nitakwenda Iringa mwenyewe. Akafungua daftari lililoletwa na basi kutoka Iringa, akakunja uso. “Dada, unanitania? Cheti ulikichukua mwezi wa kwanza, kule Iringa. Na barua ya kuitwa chuoni uliichukua siku hiyohiyo. Sahihi yako hii hapa.”

Niliitazama sahihi ile. Herufi zilikuwa nzuri kuliko zangu.

“Si mimi!” nikapiga kelele. “Ni wajina wangu!”

Akanigeuzia kadi taratibu, akaweka kidole juu ya maneno yangu mwenyewe. Hakuwa mwizi, wasomaji wenzangu. Alifanya sawasawa na nilivyomwambia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilifika Iringa nimeshika nakala yangu ya kaboni. Mlinzi wa chuo alinisalimu kwa furaha, “Kamwene, dada!” Nikamwambia mimi ni Tusekile, nimekuja kusoma. Akacheka. “Tusekile yumo darasani. Au mmekuwa wengi kama mvua?”

Nikapelekwa kwa mama mkuu wa chuo. Aliisoma nakala yangu, akairudisha. “Hii inaweza kupigwa na yeyote mwenye mashine. Cheti chenyewe tunacho hapa, na mwenyewe tunaye.” Akaagiza aitwe.

Seki akaingia. Gauni jeupe, viatu vilivyong’aa, nywele zimesukwa vizuri. Alikuwa mzuri, alikuwa mtulivu... alikuwa vile nilivyojiota mimi!

“Unamfahamu huyu?” mama mkuu akamwuliza.

Seki alinitazama machoni. “Ninamfahamu. Ni ndugu yangu wa nyumbani. Baba hakuweza kutusomesha sote. Alichagua mmoja, mwingine akabaki. Tangu hapo moyo wake haujatulia.”

Hakuna neno la uongo hata moja! Alikuwa amegeuza viti tu, akakaa kwenye changu. Niliinua tena nakala yangu ya kaboni. Mama mkuu akanihurumia, akamwambia Seki anisindikize hadi getini.

Na hapa, wasomaji wenzangu, ndipo ninapoungama. Kule getini Seki alinishika mkono. Alinong’ona, “Wajina, nivumilie. Nikimaliza nitakusomesha wewe, naapa.” Nami nikaukung’uta mkono ule kana kwamba ni siafu. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia, “Umechukua jina langu. Basi chukua na kifo changu!”

Akarekebisha kola yake. “Nimesikia, wajina,” akasema, akarudi darasani.

Nyumbani niliwaeleza baba na mama tu. Baba aliinamisha kichwa. Akasema atakwenda mwenyewe baada ya mavuno kulinyoosha jambo hili kifamilia. Mama mdogo, mama yake Seki, aliyekuwa akiishi jirani nasi, tulimficha. Tungemwambiaje?

Mavuno hayakufika.

Asubuhi moja tulikuwa shambani wote wanne, baba, mama, mama mdogo na mimi, tukipalilia. Nikamwona Bwana Ezekia akipanda mlima kwa haraka, bahasha iliyofunguliwa mkononi. Aliponiona alisimama ghafla. “Dada... wewe... si umekufa?”

Barua ilitoka chuoni, kwa jina la baba. Ilisema kwa masikitiko kwamba binti yake Tusekile ameugua homa ya matumbo, amefariki, na wazazi waje kumchukua.

Baba aliangua kicheko. “Wamekosea! Huyu hapa, anapalilia!”

Hakuna aliyecheka naye. Kicheko chake kikakatika katikati. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye matuta, jembe limemtoka mikononi.

“Shemeji,” akasema polepole, “jina hilo wanalo wawili.”

Tulisafiri siku hiyohiyo. Kule Iringa karani wa chuo alituwekea fomu mezani. Mwili ungetolewa kwa mzazi aliyeandikwa katika jalada, na aliyeandikwa alikuwa baba yangu. Tukisema ukweli, jambo lingekwenda polisi. Mwili ungengoja siku nyingi, na Seki angezikwa na jina la mwizi.

“Wewe ndiye baba wa marehemu?” karani akauliza. Kisha akamgeukia mama mdogo. “Na huyu mama ni nani?”

Mama mdogo, aliyemzaa, aliyemnyonyesha, alikaza kanga kichwani na kujibu kwa sauti kavu, “Mimi ni mama yake mdogo.”

Baba alishika kalamu. Akanigeukia. “Tuse, mwanangu. Nikisaini hapa, shule yako yote imekwenda. Sema neno nisisaini.”

Ningeweza kusema. Neno moja tu lingenirudishia cheti changu, chuo changu, maisha yangu! Niliutazama uso wa mama mdogo. Hakuniomba kitu. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayesubiri basi.

“Saini, baba,” nikasema. “Tumpeleke nyumbani.”

Akasaini. Karani akalivuta jalada, akachukua wino mwekundu, akapiga mstari juu ya jina langu na juu ya cheti changu. Alifanya hivyo bila haraka, huku akipuliza wino ukauke.

Tangu siku ile, serikalini mimi nimekufa. Lakini si hilo linaloniamsha. Ninaamshwa na maneno yangu ya getini, ambayo hakuna wino wa kuyafuta.

Bwana Ezekia bado ana kabati lake, na siku za soko watu wanapanga foleni mlangoni mwake, wanacheka, wanamkabidhi karatasi zao. Wasomaji wenzangu, nawasihi! Mtu akikuahidi kukutunzia karatasi zako na kuzifikisha popote, muulize kwanza atamjuaje mwenyewe. Na ndugu akikukosea, mshike mkono wake hata kama una hasira, kwa maana huenda hutaupata tena. Kama kuna bahasha yako katika kabati la mtu, ifuate kesho asubuhi, hata kwa miguu.