Boti Iliyokataa Kumsahau Maurice

Mtasema hizi ni porojo zetu, watu wa Suna. Semeni tu. Maroa ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, na hadi leo akisikia boti ikitajwa huacha chai yake mezani akaenda kukaa nyuma ya nyumba na kuku. Mtu hawezi kuigiza woga wa namna ile miaka yote hii.

Jumamosi yenyewe ilianza vizuri. Ulikuwa mwaka ule mvua za El Nino zilipokwisha, na magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa hadi mgeni angedhani ni shamba la sukuma wiki. Maroa, Mkuria aliyekulia mbali na maji, alikuwa dereva wa boti ya kutembeza wageni katika hoteli moja ya Homa Bay. Kazi ya kiti laini, akivaa shati jeupe. Aliyemfundisha ziwa ni Maurice, mvuvi wa pale pale ufukoni, aliyemwonyesha upepo wa kuogopa na upepo wa kuchekea. Maurice hakumdai hata shilingi. Alikuwa akisema, "Omera, ndugu yangu, siku moja utanibeba na mimi kwa hiyo boti yako ya wazungu."

Boti ile ilikuwa na kompyuta. Kisanduku cheusi kando ya usukani, chenye kioo kidogo cha kijani. Ukikipa mahali unakotaka kwenda, kinaongea na setilaiti huko juu na kuushika usukani chenyewe. Wafanyakazi wa hoteli walikiita Dereva Mdogo. Na tusikionee, kilikuwa na faida. Wakati mmoja mvua iliwafunika wageni katikati ya ziwa, mtu haoni hata pua yake, na Dereva Mdogo akawafikisha gatini kama punda anayejua kwao. Kilikuwa pia na kitufe chekundu. Mtu akianguka majini unakibonyeza, nacho kinapawekea alama mahali pale kwenye kioo ili urudi kumwokoa. Maroa alifunzwa kukibonyeza mpaka kidole kikazoea.

Lakini kisanduku hakikuwa na macho. Meneja alimwambia waziwazi: kishike usukani, sawa, ila wewe usiondoke mbele. Mwanzo Maroa alitii. Halafu akazoea. Na mazoea, jamani, hujui yanakupeleka wapi mpaka yakufikishe.

Siku hiyo alimwachia Dereva Mdogo usukani, akaenda nyuma kuwafungulia wageni soda na kuwapigia hadithi za ng'ombe wa Ukuria. Boti inakimbia. Wageni wanacheka. Maroa anacheka zaidi yao.

Kikasikika kishindo. Si kikubwa. Kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Maroa aliruka mbele. Akageuka kutazama nyuma. Kati ya magugu yaliyopasuka palikuwa na nusu ya mtumbwi. Kasia linaelea. Na mkono. Mkono ulikuwa juu, vidole vimefunguka. Kidole chake Maroa kikabonyeza kitufe chekundu kabla hajafikiri, na kisanduku kikaanza kulia.

"Nini hiyo?" mgeni mmoja aliuliza.

Hapo ndipo angeweza kugeuza boti. Hapo hapo. Ila aliifikiria ile kazi, na meneja, na shati jeupe, na kwamba alikuwa nyuma na soda mkononi.

"Ni magugu tu," akasema. Akazima kelele za kisanduku. Boti ikaenda zake.

Jioni akasikia kwamba Maurice hakurudi.

Wavuvi walimtafuta hadi upande wa Kendu Bay, kwa sababu magugu husukumwa na upepo, na kipande cha mtumbwi kilikuwa kimeokotwa huko. Walimtafuta pasipo kumpata. Leonida, mke wa Maurice, alikuja hotelini miguu mitupu, akamwita Maroa kwa jina la mwanawe. "Baba Robi, wewe unapita huko kila siku. Hukuona kitu?"

"Sikuona, mama. Pole sana."

Wajaluo mtu wao akipotelea majini kabisa, hawaachi boma bila kaburi. Huchukua tunda la yago, lile refu na zito kama mtoto mchanga, wakalizika mahali pake. Leonida alilifunga tunda kwa shuka jeupe aliloshona ukingo kwa uzi wa buluu. Walimlilia lile tunda kwa jina la Maurice. Kisha Leonida akasema Baba Robi naye atupe udongo, maana alikuwa rafiki.

Maroa alisita. Nyanya yake huko kwao alimwambia zamani: mkono uliomaliza mtu usimtupie udongo kabla haujatakaswa. Lakini akajiambia, hapa kuna mtu gani? Hili ni tunda. Alijidanganya hivyo, na alijua anajidanganya. Akainama, akajaza kiganja, akatupa.

Tunda lilipigwa na ule udongo likatoa sauti. Sauti ya kifua.

Tangu siku hiyo, Dereva Mdogo alikataa amri. Maroa akikipa njia ya visiwani, kinaenda kidogo, kisha usukani unazunguka polepole na boti inaelekea pale penye magugu. Ikifika, inasimama. Kwenye kioo, alama ya mtu aliyeanguka inawaka na kuzima. Alifuta alama ile. Ikarudi. Akaifuta tena mbele ya meneja, akijifanya anakagua. Wakiwa bado wanatazama, ikarudi.

"Hii mashine imeharibika," meneja akasema.

Fundi aliitwa kutoka Nairobi. Alikipima kisanduku, akakikuta kizima. Akaking'oa hata hivyo, na nyaya zake na mota yake ya usukani, akaenda navyo. Palipokuwa na kisanduku seremala akapigilia kipande cha mbao. Maroa alilala usingizi siku hiyo. Alikuwa amekonda, na mkewe Susana alipotuuliza sisi majirani tumemwona ana nini, tulisema labda malaria.

Baadaye kidogo Leonida alikuja kuomba apelekwe Kendu Bay kwa dada yake, mitumbwi ilikuwa haipiti. Meneja akamhurumia. "Mpeleke, Maroa." Angekataaje?

Ilikuwa asubuhi nyeupe, ziwa limetulia. Maroa alishika usukani kwa mikono yote miwili. Leonida alikaa nyuma yake, na kikapu magotini.

Usukani ukaanza kuzunguka.

Aliukaza. Ukazunguka. Aliegemeza kifua chote. Ukazunguka polepole, bila haraka, kama unaomhurumia. Alizima injini. Boti ikaendelea. Hakukuwa na upepo. Magugu yakafunguka mbele yao, yakajifunga nyuma.

Boti ikasimama.

Kutoka chini ya ile mbao, pasipokuwa na kitu, kisanduku kikaanza kulia.

"Baba Robi," Leonida alinong'ona. "Hapa ni wapi?"

Maroa hakugeuka. "Ni hapa, mama."

"Hapa nini?"

"Maurice. Boti hii. Mimi nilikuwa nyuma na wageni." Alilia, mwanamume mzima, paji la uso juu ya usukani. "Nilijua. Siku ile ile nilijua."

Leonida alikiweka kikapu chini. Kisha akauliza swali ambalo Maroa angali analisikia.

"Alikuwa hai?"

"Mkono wake ulikuwa juu."

Mama yule hakupiga yowe. Alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga kwenye gugu moja kuweka alama. "Turudishe," akasema, na boti ikakubali kurudi.

Wavuvi walikwenda na ndoano zao siku hiyo hiyo, na Maroa akiwa kati yao, hakuna aliyemsemesha. Walikokota kuzunguka kile kitambaa. Ndoano ikanasa. Walivuta, kitu kizito, watu watatu wakisaidiana. Kikatoka kimefungwa kwa shuka jeupe.

Ukingo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu.

Leonida alilifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na tunda la yago.

Mzee mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, "Basi kule nyumbani tumezika nani?"

Walipanda mlima mbio. Boma la Maurice liko juu kabisa, pakavu, mawe matupu, hata mahindi yanalia huko. Walilikuta kaburi limelowa. Magugu maji yalikuwa yameota juu yake, yametoa maua ya zambarau, na yalikuwa mabichi. Kaburi lenyewe lilikuwa refu kuliko walivyolichimba. Lilikuwa urefu wa mtu.

Wazee walikataza lisifukuliwe. Amejileta mwenyewe, walisema, muacheni apumzike.

Maroa alijipeleka polisi, akafungwa, akatoka. Hayo yana mwisho. Lisilo na mwisho ni hili. Kando ya kaburi, siku ile, palikuwa na udongo wa kiganja kimoja, umetemwa nje, mkavu, alama za vidole bado zimekaa. Leonida alimwambia Maroa aweke mkono wake juu ya udongo ule. Vidole vikaingia kila kimoja mahali pake.

Waliurudisha ule udongo kaburini, wakaushindilia kwa jembe. Asubuhi ulikuwa nje. Padri aliurudisha kwa sala. Asubuhi ulikuwa nje. Leonida ni mzee sasa, na ukimtembelea utaukuta pale pale kando ya kaburi, mvua inanyesha pande zote, nao haulowi.